Kubadili mfumo wa simu kutakuepusha na 'kausha damu' wa mtandaoni?

Dar es Salaam. Mkopo umechukua wewe, lakini meseji ya deni inaingia kwa shemeji, kwa bosi na hata kwa fundi bomba wa Mbagala uliyempigia mara moja tu. Swali la kwanza huwa: hizi namba wamezitoa wapi?

Wamezitoa kwenye simu yako. Siku unaweka aplikesheni ya mkopo ulibonyeza 'Ruhusu', ikabeba orodha nzima ya majina.

Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilizipiga marufuku aplikesheni na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Lakini kuna wanaotaka kujilinda zaidi, kwa kubadili mfumo endeshi wa simu yenyewe.

Mifumo yenyewe ni ipi?

Simu nyingi za Android huja na huduma za Google ndani yake, pamoja na aplikesheni za kampuni iliyoitengeneza. Mifumo mbadala hutumia msingi uleule wa Android, ambao uko wazi kwa yeyote kuutumia, ila huduma za Google haziwekwi tangu mwanzo.

Inayojulikana zaidi ni GrapheneOS, LineageOS iliyoanza mwaka 2016, na /e/OS kutoka Ufaransa.

GrapheneOS ina kitu kinachomgusa moja kwa moja mkopaji. Aplikesheni ikiomba majina yako, unaweza kuifanya iamini imeruhusiwa, kumbe inaona orodha tupu au zile namba ulizochagua mwenyewe.

Kikwazo ni simu

GrapheneOS imejengwa kwa ajili ya Google Pixel. Tecno, itel na Infinix, ambazo ndizo zimejaa mikononi mwa watu kuanzia Tandika hadi Tegeta, hazimo. LineageOS inakubali simu nyingi zaidi, lakini lazima modeli yako iwe kwenye orodha yao.

Ukinunua Pixel ya mtumba, kuwa makini. Baadhi ya zilizouzwa Marekani na mitandao ya simu, hasa Verizon, haziruhusu kubadilishwa mfumo. Mwambie muuzaji mhakikishe hilo kabla hujalipa.

Jingine: kufungua simu ili iwekwe mfumo mpya kunafuta kila kitu. Picha, meseji, vyote. Na fundi akikosea hatua wakati wa kuflashi, simu inaweza isiwake tena.

Pesa je?

Baadhi ya aplikesheni za benki hukagua kama mfumo umethibitishwa na Google. Zikikuta haujathibitishwa, zinagoma kufunguka.

Ila menyu ya kupiga haitegemei hilo. *150*00# ya M-Pesa inafanya kazi hata kwenye kiswaswadu, hivyo mfumo mpya hauwezi kukuzuia kutuma au kutoa pesa.

Usichoweza kukificha

Laini yako imesajiliwa kwa namba ya NIDA na alama za vidole. Mtandao wa simu bado unajua uko karibu na mnara upi na umempigia nani. Mfumo mbadala unapunguza kinachokwenda kwa Google na kwa wenye aplikesheni, haukufanyi usionekane.

Anza na hili, ni bure

Fungua Mipangilio, nenda Programu, kisha Ruhusa. Angalia nani anasoma Anwani zako, SMS na Mahali ulipo, halafu zima zisizohusika. Tochi haihitaji namba ya mama yako.

Pili, usiweke aplikesheni ya mkopo iliyotumwa kwa linki ya WhatsApp. Tangu Mei 31, 2023 Google imezikataza aplikesheni za mikopo zilizopo Play Store kusoma majina na picha za mteja. Ya kwenye linki haipiti ukaguzi huo.

Tatu, kama namba zako zimeshachukuliwa, kuzima ruhusa hakutazirudisha. Tunza meseji za vitisho kama ushahidi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi (PDPC), na haki hiyo anayo pia shemeji yako ambaye hakukopa hata senti.