Nembo Yako Isikae Ndani ya Kiboksi Cheupe

Vijana wenzangu, Nanenane ikikaribia vipeperushi vinaanza kunipitia mezani. Wa Mara, Simiyu na Shinyanga tunakutana Nyakabindi, na mnunuzi atazunguka mabanda mengi. Jioni kinachobaki mkononi mwake ni karatasi yako.

Juzi kijana wa Bunda anayeuza miche ya nyanya aliniletea chake. Miche yake naijua, imesimama vizuri. Lakini nembo ilikuwa na ukungu, imekaa kwenye kiboksi cheupe juu ya rangi ya kijani, na namba ya simu ilikatwa tarakimu mbili pembeni. Sasa mwenye hoteli Musoma akitaka miche ya bustani yake atampigia nani?

Ukungu ulitoka WhatsApp. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida inabanwa, inapungua ubora. Mwambie aliyekuchorea nembo akutumie kama dokumenti, au kwa barua pepe, faili la PNG ambalo nyuma ya nembo hakuna rangi yoyote. Hiyo ndiyo dawa ya kiboksi. Kama unayo JPEG tu, acha karatasi ibaki nyeupe, kiboksi hakitaonekana. Na wino utaokoa, maana kujaza kijani ukurasa mzima kwa printa ya nyumbani ni hasara tupu.

Ukubwa nao una hesabu yake. Chapa safi inataka nukta 300 kwa kila inchi, na inchi ni sentimita 2.54. Nembo ya upana wa sentimita 4 inahitaji pikseli kama 480. Ya pikseli 150 ukiivuta, inavimba tu kama muhogo uliolowekwa.

Kwenye Word, ingiza picha, ibofye, chagua "In Front of Text" ndipo uisogeze unapotaka. Kuipunguza, shika kona. Ukivuta ubavu, ng'ombe wa kwenye nembo anageuka mbuzi.

A4 ya kulala ina urefu wa sentimita 29.7, ukiikunja mara tatu kila sehemu inapata 9.9. Jalada ni theluthi ya kulia ya upande wa nje, weka nembo hapo, mbali na mikunjo. Printa nyingi za nyumbani hazifiki ukingoni, kwa hiyo acha sentimita 1 kila upande. Ukienda kuprinti steshenari peleka PDF, maana Word ya kompyuta nyingine inaweza kuhamisha kila kitu. Printi moja kwanza, ikunje, ndipo uzidishe.

Jambo moja silifanyii mzaha: alama ya TBS. Usiichukue mtandaoni ukaibandika pembeni ya nembo yako kwenye unga au asali ambayo haina leseni ya kuitumia. Hilo ni kosa kisheria. Pia kusajili jina la biashara BRELA hakulindi mchoro wako, alama ya biashara inasajiliwa peke yake, BRELA hapohapo.

Anayetaka nimwangalizie faili anikute ofisini Jumatatu asubuhi, siku nyingine nipo mashambani Butiama. Njoo na flashi, usije na picha uliyopiga kwenye kioo cha simu.