Ufunguo Uliogawanywa

Kugawa ufunguo wa siri ni kuukata vipande na kumpa kila mtunzaji chake, asipatikane mtu wala kompyuta ya kuutumia peke yake. Vikundi vya kuweka na kukopa vya Mbeya na Iringa vimeizoea hoja hii: sanduku la fedha lina kufuli tatu, funguo ziko kwa wanachama watatu, na sanduku aghalabu hulala kwa mtu wa nne. Hakuna anayeudhika kwa kutoaminiwa, kwa kuwa wote hawaaminiwi sawasawa. Tatizo ni mtunza ufunguo mmoja kwenda msibani Tukuyu: siku hiyo hakuna anayekopa.

Mwaka 1979 Adi Shamir na George Blakley, kila mmoja kwa njia yake, waliukwepa mkwamo huo kwa hesabu. Kwa njia ya Shamir, siri ikiwa 5, huchorwa mstari ulionyooka unaoanzia 5 na kupanda 3 kila hatua: 8, 11, 14. Kila mtunzaji hupewa nukta moja. Wawili wowote wakikutana huuchora mstari upya na kuifikia 5. Aliye peke yake ana nukta tu, na mistari ya kuipitia haina idadi.

Lakini vipande vikikusanywa, ufunguo mzima hukaa ndani ya kompyuta moja, na aliyeidukua anauchukua. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Yvo Desmedt na wenzake walitaka ufunguo usiunganishwe kamwe, hata wakati wa kazi. Saini ya kidijitali ya RSA hupatikana kwa kupandisha namba ya ujumbe kwa kipeo cha siri, ambacho ndicho ufunguo. Kipeo kikiwa 7, kompyuta moja hupewa 2, nyingine 5. Ujumbe ukiwa 3, ya kwanza hutoa 9, ya pili 243. Zikizidishwa ni 2187, yaani 3 kwa kipeo cha 7. Hiyo 7 haikuingia katika kompyuta yoyote. Kwenye kazi halisi namba ni ndefu mno, na kinachotunzwa ni baki baada ya kugawanya.

Kompyuta ikidanganya, saini hukataliwa inapokaguliwa kwa ufunguo wa wazi, ule ambao kila mtu anaweza kuwa nao. Kumjua mwongo ni kazi zaidi: kila moja hulazimika kuthibitisha hesabu yake bila kufichua kipande. Njama ya watunzaji wa kutosha haina dawa.

Januari 2008 wakulima wa viazisukari wa Denmark wapatao 1,200 walinadiana mikataba ya kilimo kwa njia iliyo jamaa na hii ya kugawa siri. Kompyuta tatu zilikokotoa bei bila yoyote kuona dau la mkulima: moja ya kiwanda cha Danisco, moja ya chama cha wakulima, moja ya watafiti. Wakulima hawakutaka kiwanda kijue hali zao za kifedha.