Maumivu ya bega: Dawa ya mchumaji chai ni mazoezi, si kisu

UCHUMAJI wa majani chai huonekana kuwa kazi ya vidole, lakini bega hugharimika zaidi. Katika mashamba ya Kericho na Bomet, mchumaji hukata majani mawili na chipukizi, hujaza viganja, kisha huyatupa nyuma juu ya bega yaangukie kikapuni mgongoni. Tendo hilo hurudiwa mamia ya mara kwa siku. Kwa kuwa mvua hunyesha karibu mwaka mzima katika nyanda hizo, hakuna msimu mrefu wa kuupumzisha mkono.

Kampuni kubwa zimeingiza mashine za kuchumia, zile zile ambazo baadhi yake zilichomwa na waandamanaji Kericho mwezi Mei 2023. Hata hivyo, wakulima wadogo wanaopeleka majani katika viwanda kama Litein, Momul, Kapkoros na Mogogosiek wangali wakitegemea mikono kwa sehemu kubwa. Jioni, mikono hiyo hiyo huchota maji, hupasua kuni na kubeba watoto.

Ndipo huanza maumivu ambayo wengi huyaita baridi yabisi. Huhisiwa upande wa nje wa mkono, chini kidogo ya bega. Huzidi mtu anapouinua mkono pembeni, hasa kati ya digrii 60 na 120, na huweza kupungua mkono ukishapita hapo. Kuvaa sweta, kutungika nguo kambani au kulalia ubavu wenye maumivu huwa adha. Wataalamu huita hali hiyo msongo wa kano za bega.

Ili kuielewa, ni vyema kujua jinsi bega lilivyoundwa. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa kuliko kikombe kidogo cha mfupa kinachokipokea. Kinachokizuia kisichomoke ni misuli minne midogo inayotoka kwenye kombe la bega na kukizingira kwa kano zake. Juu ya kano hizo kuna mfupa uliotanda kama paa, na katikati ya paa na kano kuna kifuko chembamba cha ute kinachopunguza msuguano. Kano zikichoshwa kuliko uwezo wake, huuma na kudhoofika. Misuli ikishindwa kukishikilia kichwa cha mfupa mahali pake, nafasi iliyo chini ya paa huzidi kubana.

Kisu kilivyopoteza hadhi

Mwaka 1972, daktari mpasuaji wa Marekani, Charles Neer, alieleza kwamba kano huumia kwa kusuguliwa na paa hilo la mfupa, akapendekeza sehemu ya mfupa ikatwe ili kuongeza nafasi. Kwa miongo kadhaa upasuaji huo ulienea duniani, baadaye ukifanywa kwa matundu madogo na kamera.

Mambo yalibadilika pale watafiti walipoupima kwa haki. Utafiti uliofanywa katika hospitali 32 za Uingereza na kuchapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2017 uliwahusisha wagonjwa 313. Kundi moja lilikatwa mfupa. La pili liliingiziwa kamera tu bila kukatwa chochote. La tatu halikupewa tiba yoyote. Baada ya miezi sita, makundi mawili ya kwanza hayakutofautiana, na nafuu waliyoipata zaidi ya kundi la tatu ilikuwa ndogo mno kuwa na maana kwa mgonjwa. Utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 2018, wenye wagonjwa 210, nao haukuona faida ya kukata mfupa hata baada ya miaka miwili. Mwaka 2019, jopo la wataalamu lililokutanishwa na jarida la BMJ lilitoa pendekezo zito dhidi ya upasuaji huo kwa maumivu ya aina hii.

Kwa familia ya mchumaji, habari hizi zina uzito wa shilingi. Anayelipwa kwa kilo hawezi kuuza ng'ombe ili agharimie upasuaji usiomfaa, akakaa nyumbani wiki kadhaa bila ujira. Wala dawa za kutuliza maumivu zinazouzwa dukani si jibu la kudumu. Diclofenac na ibuprofen huweza kumpa mtu nafuu ya siku chache, lakini zikitumiwa kwa muda mrefu huweza kudhuru tumbo na figo na kupandisha shinikizo la damu. Sindano ya steroidi begani nayo huleta ahueni ya wiki kadhaa, na hufaa pale tu inapomwezesha mgonjwa kuanza mazoezi.

Mazoezi yenyewe

Fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, hujengwa juu ya ukweli mmoja: kano huimarika kwa kupewa kazi kwa kipimo. Kuufunga mkono kwa kitambaa kwa wiki nyingi huidhoofisha misuli na kulifanya bega kukakamaa. Kuendelea kuchuma kwa kasi ile ile nako huzidisha jeraha. Njia iliyo bora iko katikati.

Wiki mbili za kwanza hulenga kulegeza. Mgonjwa huinama kidogo, hushika meza kwa mkono mzima, kisha huuacha mkono wenye maumivu uning'inie na kuyumba taratibu kwa dakika moja au mbili. Aidha, huvuta makombe ya mabega nyuma na chini kana kwamba anataka yagusane, akahesabu hadi tano na kuachilia, mara 10. Halafu huelekea ukutani na kupandisha viganja polepole, akiishia pale maumivu yanapoanza kuwa makali.

Baada ya hapo huja mazoezi ya nguvu, mara tatu kwa wiki. Kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli hutosha. Hufungwa kwenye nguzo imara, kiwiko kikabanwa ubavuni na kukunjwa, kisha mkono huuvuta mpira kuelekea nje na kuurudisha polepole. Hufuata kuuvuta mpira nyuma kwa mikono yote miwili, halafu kujisukuma ukutani kwa viganja. Kila zoezi hufanywa mara 10, kwa awamu tatu. Baadaye mgonjwa huinua chupa ya maji ya nusu lita mbele na pembeni, na uzito huongezwa kadiri nguvu inavyorudi.

Maumivu kidogo wakati wa mazoezi si ishara ya madhara. Kanuni inayotumika ni kuyapima kutoka sifuri hadi kumi: yakibaki chini ya tano na kutulia kufikia asubuhi, mgonjwa aendelee. Yakipita hapo, apunguze uzito au idadi, asiache kabisa. Wengi huhitaji wiki 12 au zaidi, na wanaokata tamaa katika wiki ya tatu huacha kabla ya kano kupata muda wa kuimarika. Haba na haba hujaza kibaba.

Huduma hii hupatikana katika hospitali za rufaa za kaunti, Kericho na Longisa, pamoja na Hospitali ya Tenwek huko Bomet. Chini ya sheria ya mwaka 2014, mtaalamu wa fiziotherapia sharti awe amesajiliwa na baraza la taaluma hiyo, na mgonjwa ana haki ya kuuliza.

Kazi nayo itibiwe

Mazoezi pekee hayatafua dafu iwapo mzigo uliolijeruhi bega haukupunguzwa. Kikapu kimwagwe kabla hakijajaa pomoni. Mikono ibadilishane katika kutupa majani. Mashina yapogolewe ili meza ya chai isipande hadi kifuani, kwani kuchuma mikono ikiwa juu huchosha kano upesi. Gunia linalopelekwa kituo cha kununulia libebwe na watu wawili.

Kwa walioajiriwa, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inawapa haki ya fidia kwa majeraha na magonjwa yatokanayo na kazi. Umuhimu wake ulidhihirika pale kundi la wachumaji lilipoishtaki kampuni ya James Finlay (Kenya) katika mahakama ya Scotland, likidai kuumizwa na mazingira ya kazi, madai ambayo kampuni iliyapinga. Mnamo Novemba 2023, majaji wa rufaa mjini Edinburgh waliamua kesi isimamishwe ili madai hayo yashughulikiwe kwanza nchini Kenya chini ya sheria hiyo. Kwa hivyo, mfanyakazi anayeumwa bega ana sababu ya kumjulisha mwajiri mapema kwa maandishi, na kuhifadhi cheti cha hospitali.

Zipo dalili zisizopaswa kusubiri mazoezi. Aliyeanguka na kushindwa kabisa kuinua mkono, mwenye homa na bega lililovimba, anayekonda bila sababu, au aliyekufa ganzi mkononi, amwone daktari mara moja. Maumivu ya bega la kushoto yanayoandamana na kubanwa kifua na kukosa pumzi huweza kuwa ya moyo. Nao wenye kisukari wafahamu kwamba bega lao huweza kuganda, maradhi yanayohitaji matibabu tofauti.

Kwa wengine wote, vifaa ni ukuta, mpira wa baiskeli na chupa ya maji. Kinachohitajika zaidi ni uchunguzi wa mtaalamu mwanzoni, na subira ya miezi mitatu.