Magadi: rangi ya waridi haina bei, unga mweupe unayo

Wengi wanaotoka Nairobi kwa gari kwenda Ziwa Magadi, safari ya zaidi ya kilometa 100 kupitia Kiserian na Olorgesailie, hufuata rangi. Kiangazi kikikolea, maji hupungua na ziwa hugeuka rangi ya waridi. Mfanyabiashara afikapo huuliza jingine: hapa kinauzwa nini?

Rangi yenyewe haiuzwi. Inatokana na vijidudu vipendavyo maji makali ya chumvi, vyenye wekundu mwilini. Maji yakipungua hushamiri. Mvua ikinyesha rangi hufifia.

Mali ni trona, tabaka gumu la magadi, wala si chumvi ya mezani kama wageni wengi wanavyodhani. Chemchemi za maji ya moto huleta magadi ziwani, na kwa kuwa hakuna mto unaoyatoa, jua humaliza kazi. Trona huchimbwa, husagwa, huoshwa na kuchomwa mpaka maji na hewa ya kaboni vitoke. Unga unaobaki ndio soda ashi, ambayo viwanda vya vioo na sabuni za unga haviwezi kuikosa. (Mama anayelainisha maharage kwa magadi anaifahamu jamaa yake.)

Kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa mwaka 1911, na reli ikajengwa kutoka Konza ili mzigo ufike Mombasa. Bila reli biashara hii isingekuwapo, maana soda ashi ni mzigo mzito wa bei ndogo, na nauli hula faida upesi. Mwishoni mwa mwaka 2005 kampuni iliingia mikononi mwa Tata Chemicals ya India.

Hapo ndipo mwekezaji mdogo anapokwama. Hisa za Tata Chemicals huuzwa Mumbai. Soko la Hisa la Nairobi halina hisa za Magadi. Hata mwenye njia ya kuzinunua akumbuke kuwa atakuwa amenunua kampuni nzima yenye viwanda nchi kadhaa, na kwamba Magadi hushindana na trona ya Wyoming, Marekani, na ya Uturuki. Ujenzi wa nyumba ukidorora duniani, vioo hudorora, na soda ashi hufuata.

Kwa mwenye mtaji wa pikapu moja, soko lililo wazi ni barabara: maji baridi, chakula, kuziba pancha. Wateja wake hufuata rangi, na rangi hufuata kiangazi. Kabla ya kuagiza kreti za soda kwa mkopo mwezi Machi, aangalie mawingu ya masika.