Pedi za Breki Zinapoisha Upande Mmoja

Barabara itokayo Kabale kwenda Kisoro, nchini Uganda, ikiisha kupanda hadi Kanaba huteremka kwa kona nyingi, na bonde liko pembeni kabisa. Gari la doria lenye askari wanane nyuma likiteremka hapo, uhai wao wote unategemea vipande vichache ambavyo hata vikiwa vipya unene wake ni kama milimita 10 au 12 tu. Vipande hivyo ndivyo pedi za breki.

Hutokea mara kwa mara, gurudumu lifunguliwapo, kwamba pedi moja imekwisha hadi chuma na mwenzake bado nene. Desturi iliyoenea katika karakana nyingi ni kuzitupa zote mbili, kutia mpya, na kulirudisha gari kazini siku ileile. Hayo si matengenezo. Kilichoila pedi ya kwanza kimebaki mahali pake, nacho kitaila ya pili. Askari wa upelelezi hatupi kielelezo kabla ya kukichunguza, na pedi kuukuu nayo ni kielelezo: ipimwe, na iandikwe imetoka gurudumu gani na upande gani, wa ndani au wa nje.

Ili kusoma ushahidi huo yafaa kujua kazi inavyofanyika. Dereva akanyagapo breki, mafuta ya breki husukuma pistoni iliyomo ndani ya kalipa. Katika magari mengi madogo pistoni iko upande wa ndani tu. Huisukuma pedi ya ndani, halafu kalipa nzima huteleza juu ya pini zake mbili na kuivuta pedi ya nje, hata diski ikabanwa pande zote mbili. Pini hizo zikikauka grisi, au raba zake zikipasuka na kuingiza vumbi na maji, kalipa husimama pale pale.

Basi pedi ya ndani ikiwa imekwisha kuliko ya nje, hushukiwa pini zilizoganda au pistoni isiyorudi nyuma mguu unapoinuliwa. Ya nje ikitangulia kuisha, mara nyingi pistoni imerudi lakini kalipa haikuteleza kurudi, na pedi hiyo imekuwa ikisuguliwa safari nzima. Pedi iliyoliwa mshazari, nene mwisho mmoja na nyembamba mwisho wa pili, huonyesha kuwa pini moja inateleza na nyingine imekwama, au kwamba pedi yenyewe imebanwa na kutu katika makazi yake. Tofauti ya milimita moja hivi haina haja ya kumtia mtu hofu.

Magari mengine, kama Land Cruiser za mfululizo wa 70, yana kalipa za mbele zisizoteleza, zenye pistoni pande zote mbili za diski. Huko hakuna pini ya kulaumiwa. Pedi zikiachana, pistoni mojawapo imeganda.

Shauri gumu zaidi ni pale gurudumu la kushoto linapotofautiana na la kulia. Hapo kuna jaribio lisilohitaji chombo cha thamani. Gari likiwa mahali tambarare, na magurudumu mengine yamewekewa vizuizi, linyanyuliwe kwa jeki na kuegemezwa juu ya stendi imara. Breki ikanyagwe kwa nguvu, iachwe, kisha gurudumu lizungushwe kwa mkono. Likikataa kuzunguka, skrubu ya kutolea hewa katika kalipa ilegezwe kidogo. Iwapo mafuta yanaruka na gurudumu linakuwa huru, shinikizo lilikuwa limenaswa, na mshukiwa wa kwanza ni mpira wa breki, ambao kwa nje waweza kuonekana mzima huku ndani umevimba na kuziba njia ya kurudi. Iwapo gurudumu bado limekaza, kosa ni la pistoni au la pini. Magurudumu yote mawili yakikaza kwa pamoja, uchunguzi uhamie kwenye silinda kuu na kwenye kanyagio, kuona kama lina mchezo wake mdogo wa kawaida.

Matengenezo yenyewe si ya ajabu. Pini zichomolewe, zisuguliwe hadi zing'ae, na zilizochimbika kwa kutu zibadilishwe. Zipakwe grisi maalumu ya breki istahimiliyo joto. Grisi ya kawaida ya bearingi haifai kabisa, maana huvimbisha raba na kuirudisha pini kifungoni. Petroli na dizeli nazo huharibu raba vivyo hivyo, ingawa wapo mafundi wanaoziosha kwazo kila siku. Pistoni yenye kutu haipigwi msasa ikarudishwa; hutiwa mpya pamoja na sili yake. Kalipa isiachwe ikining'inia kwa mpira wake, ifungwe kwa waya. Vumbi la breki lisipulizwe kwa upepo, kwani pedi za zamani zilikuwa na asbesto, iletayo maradhi ya mapafu. Lilowanishwe na kufutwa.

Pedi hubadilishwa pande zote mbili za ekseli, hata kama ni moja tu iliyokwisha. Hapa ndipo ubanifu wa fedha hugeuka hatari, kwa sababu gurudumu moja likishika kuliko la pili gari huvutwa upande mmoja, na juu ya lami iliyolowa dereva hana nafasi ya kulirekebisha. Ikibaki milimita 3, wakati umefika. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa: yale ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, bali yakilowa kiwango hicho hushuka hadi 140, na mteremko mrefu waweza kuyafikisha huko. Kwa hiyo hubadilishwa kila baada ya miaka 2.

Kazi ikiisha, kanyagio likanyagwe mara kadhaa kabla gari halijaondoka, hadi liwe gumu. Kisha dereva aende kilomita chache kwa mwendo wa wastani, asimame, na kukaribisha kiganja kwenye kila gurudumu pasipo kugusa. Lililo na joto kuliko mwenzake wa ekseli hiyohiyo lirudi kwenye jeki.