Je, Wajua? Dawa ya saratani inayofanya mkojo kuwa mwekundu

Umetoka kuwekewa doksorubisini, ukaenda msalani, ukaona mkojo mwekundu. Usishtuke. Si damu, ni dawa yenyewe inatoka. Rangi hiyo huisha kwa siku moja au mbili. Ikizidi hapo, mwambie daktari.

Ndani ya bomba la sindano dawa hii inang'aa kama juisi ya rozela. Asili yake ni bakteria wa udongoni, waliopatikana karibu na ngome ya Castel del Monte, Italia, miaka ya 1950.

Hupitishwa kwenye mshipa tu. Ikivuja nje, huunguza nyama. Ndiyo maana muuguzi huisukuma polepole, macho yakiwa kwenye mkono wako. Ukihisi moto au uvimbe pale sindano ilipoingia, usione haya kumsumbua. Sema hapo hapo!

Kubwa kuliko yote ni moyo. Dawa hii inaweza kuudhoofisha, hata miaka mingi baadaye. Basi dozi zote za maisha hujumlishwa, na kikomo kwa kawaida ni miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili. Ulianza tiba Mombasa au Dar es Salaam, sasa uko Doha, kwenye kituo cha taifa cha saratani? Karatasi ya dozi zako za nyumbani iwe pamoja na pasipoti, ili hesabu iendelee.