Seva ya Nakivale huanzia kwenye betri

Betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 100, ile ya asidi iliyozoeleka madukani, hubeba wati-saa 1,200. Za kutumia ni nusu tu, maana ukiinyonya zaidi kila usiku itakufa mapema. Unabaki na wati-saa 600, na kwa mtu wa Nakivale anayetaka seva nyumbani, hizo ndizo zimchagulie kompyuta. Jina la prosesa lije baadaye.

Makazi ya Nakivale yako wilaya ya Isingiro, kusini-mashariki mwa Mbarara. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowakutanisha sokoni. Kijana wa hapo anayejifunza kazi ya mitambo ya kompyuta ana haja ileile ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara: mashine moja anayoweza kuigawa iwe kompyuta pepe kadhaa, kila moja na mfumo wake. Moja aivuruge kwa mazoezi, nyingine ihifadhi mafaili ya familia, ya tatu iwahudumie watoto wa jirani kwa masomo. Programu huria ya Proxmox, inayotengenezwa Vienna, Austria, tangu 2008, hufanya ugawaji huo bila kudai ada ya leseni. Gharama iko kwenye chuma na kwenye umeme wa kukiendesha.

Tupige hesabu. Kompyuta ya zamani ya mnara hula kama wati 60 hata ikikaa bure. Ukiongeza ruta ya wati 8, betri yetu haifiki saa tisa, na hapo sijataja inveta, ambayo nayo hula wati zake yenyewe. Kompyuta ndogo yenye ukubwa wa kitabu kinene, isiyo na kazi nzito, hutumia wati 8 hadi 12. Pamoja na ruta ileile, betri hiyohiyo hufika saa 30 au kuzivuka. Anayekaa Mbarara mjini mwenye umeme wa gridi atauona mzigo huo kwenye yaka, mita ya umeme wa kulipia kabla: yuniti ikikadiriwa shilingi 750, mnara unaowaka mchana na usiku humaliza kama shilingi 32,000 kwa mwezi, ilhali kompyuta ndogo ya wati 12 humaliza kama 6,500. Seva kuukuu za makabati ya ofisini, zinazovuta wati 150 na zaidi, hupita 80,000. Rafiki akikupa ya bure, mshukuru na umwachie.

Wazo la kuanza na betri lina historia Uganda. Mwaka 2007 mradi wa BOSCO wa Jimbo Kuu la Gulu ulipeleka kompyuta zinazokula umeme kidogo, zenye sola na mtandao usiotumia waya, kwenye kambi za waliohamishwa na vita huko Acholi. Herufi ya kwanza ya jina hilo inasimamia betri.

Sokoni kuna koo mbili za kuangalia. Ya kwanza ni mitumba ya ofisi za ng'ambo: ThinkCentre Tiny ya Lenovo, OptiPlex Micro ya Dell, EliteDesk Mini ya HP. Tafuta prosesa ya Intel yenye herufi T mwishoni, ambayo imepunguziwa ulaji wa umeme. i5-6500T ya mwaka 2015 ina viini vinne na inatosha kujifunzia. i5-8500T ya 2018 ina viini sita na ndiyo ningempa mtu wa Mbarara mwenye gridi. Ya pili ni visanduku vipya vyenye Intel N100, prosesa ya 2023, ambavyo vikifanya kazi kwa nguvu zote kwa kawaida havifikii ulaji wa mashine yenye i5-8500T. Vingi vyake vinatumia chaja ya volti 12, hivyo ukiweka kidhibiti cha volti katikati unavilisha moja kwa moja kutoka kwenye betri bila inveta. Usikiruke kidhibiti hicho, kwa sababu betri ya asidi inapochajiwa hupanda hadi volti 14 na ushei. Kwa Nakivale nachagua N100 bila kusita, japo Intel inaitambulia memori ya GB 16 tu.

Memori ndiyo huisha kwanza, muda mrefu kabla prosesa haijachoka. Proxmox yenyewe hutaka kama GB 2. Kolibri, programu ya masomo isiyohitaji intaneti na yenye sura ya Kiswahili, nayo ipe GB 2. Ukitaka na Windows ya kuchapia hati, haiendi vizuri chini ya GB 4. Mashine yenye GB 8 imekwisha papo hapo, na ya GB 16 inaacha nafasi ya kujifunza. Kwa hiyo fedha ya ziada iende kwenye memori, kisha kwenye diski ya SSD: Wikipedia ya Kiingereza yenye picha, ile ya kusoma bila mtandao, hujaza zaidi ya GB 100 peke yake.

Kabla ya kulipa, iwashe mashine hapohapo dukani na uingie kwenye BIOS. Ikidai nenosiri la kampuni iliyoitupa, irudishe mezani. Ikifunguka, hakikisha uwezo wa kuendesha kompyuta pepe umewashwa, na uiweke mashine ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Dai chaja ya asili, hasa kwa Dell, kwani isipoitambua chaja yake hupunguza kasi ya prosesa. Fungua kifuniko ukaone feni, halafu nyumbani uipulize mara kwa mara, kwa kuwa vumbi la barabara za Isingiro halina huruma.

Salio likiwepo, usilitie kwenye prosesa kubwa zaidi. Nunua diski ya nje, uiagize Proxmox inakili kompyuta zako pepe humo mchana, jua likiwa kali na betri imejaa, kisha ichomoe na uitunze nyumba nyingine.